Sholes: Aliyepanga herufi za kibodi, akauza haki yake mapema

KATIKA steshenari yoyote inayochapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya viwanja au kumbukumbu za vikao vya ushirika, mpangilio wa herufi kwenye kibodi ni ule ule. Safu ya juu ya herufi huanzia kushoto kwa Q, W, E, R, T na Y. Hata simu ya mkononi ambayo mkulima huitumia kumwandikia mnunuzi wa mazao yake ina mpangilio huo.

Watu wengi hudhani kuwa mpangilio huo ulikuja pamoja na kompyuta. Ukweli ni kwamba una umri wa miaka zaidi ya 150. Ulianza katika karakana ndogo mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, na mtu aliyekuwa kinara wa kazi hiyo alikuwa mhariri wa gazeti aitwaye Christopher Latham Sholes.

Habari za maisha yake zina manufaa kwa yeyote mwenye wazo la biashara. Sholes alijua kubuni, na alijua kukirudia kitu mara nyingi mpaka kikae sawa. Kilichomshinda ni kusubiri faida.

Mwanagenzi wa uchapaji

Sholes alizaliwa Februari 14, 1819 katika kijiji cha Mooresburg, jimbo la Pennsylvania. Akiwa kijana alijifunza kazi ya uchapaji magazeti kama mwanagenzi. Enzi hizo herufi za risasi zilipangwa moja moja kwa mkono, na fundi alitakiwa kujua kila herufi inakaa kwenye kijisanduku kipi bila kupoteza muda kuitafuta.

Mwaka 1837 alihamia Wisconsin, eneo ambalo lilikuwa bado halijawa jimbo kamili. Mwaka 1840 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa gazeti la Southport Telegraph, katika mji ambao baadaye uliitwa Kenosha. Mwaka uliofuata alimuoa Mary Jane McKinney, nao wakajaliwa watoto 10.

Aliingia pia katika siasa. Alikuwa seneta wa jimbo na baadaye mjumbe wa baraza la wawakilishi la Wisconsin. Alikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya kuondoa adhabu ya kifo, ambayo jimbo hilo liliifuta mwaka 1853.

Baadaye alihamia Milwaukee, akahariri magazeti na kushika wadhifa wa mkusanya ushuru wa forodha katika bandari ya mji huo. Kazi hiyo ilimpa kipato cha uhakika na nafasi ya kwenda karakana baada ya saa za kazi.

Mashine ya namba, mashine ya herufi

Karakana hiyo ilikuwa ya fundi aitwaye Kleinsteuber. Humo Sholes na mchapaji mwenzake, Samuel Soule, walitengeneza mashine ya kupiga namba za kurasa za vitabu na tiketi. Mwaka 1866 walipata hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi asiibiwe alichobuni.

Katika karakana hiyo hiyo alikuwamo mwanasheria aliyependa ufundi, Carlos Glidden. Yeye alikuwa akihangaika na zana ya shambani, mashine ya kulimia ambayo alitumaini ingechukua nafasi ya plau. Alipoiona mashine ya Sholes, aliuliza kwa nini isitengenezwe nyingine itakayopiga herufi badala ya namba.

Mwaka 1867 jarida la Scientific American lilichapisha habari za mashine ya kuandikia iliyobuniwa na John Pratt, Mmarekani aliyekuwa akiishi London. Sholes aliisoma habari hiyo, akaamini kuwa angeweza kutengeneza iliyo rahisi zaidi.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa na herufi moja tu, W. Alichukua kitufe cha kupigia telegrafu, akakiunganisha na kijiti chenye herufi hiyo. Alipokibonyeza, kijiti kiliruka juu na kugonga karatasi pamoja na karatasi ya kaboni dhidi ya kioo. Herufi ilionekana.

Juni 23, 1868, Sholes, Glidden na Soule walipata hataza ya mashine yao. Vitufe vyake vilifanana na vya kinanda, vikiwa katika safu mbili, na herufi zilifuata utaratibu wa alfabeti.

Mwenye mtaji aingia

Wabunifu hao hawakuwa na mtaji. Walichapa barua kwa mashine yao wakawatumia watu waliodhani wangeweza kusaidia. Mmoja wao alikuwa James Densmore wa Pennsylvania, mtu aliyewahi kuendesha gazeti na ambaye pamoja na ndugu yake Amos alikuwa amebuni behewa la kusafirishia mafuta kwa reli.

Densmore alinunua robo ya hisa kwa dola 600, fedha zilizotosha kulipa gharama ambazo wenzake walikuwa wameshatumia. Alifanya hivyo kabla hajaiona mashine kwa macho yake.

Alipofika Milwaukee mwaka 1868 na kuikagua, alisema wazi kuwa haifai kuuzwa. Kazi ya marekebisho ikaanza upya. Soule alijitoa, na baada ya muda mzigo mkubwa ukabaki kwa Sholes na Densmore.

Densmore alikuwa na msimamo ambao wafanyabiashara wengi hukosa ujasiri wa kuushika. Alitaka mashine ipewe watu watakaoitumia kwa nguvu mpaka ivunjike. Mmoja wao alikuwa James Clephane, mwandishi wa hatimkato wa mjini Washington, ambaye kazi yake ilimlazimu kuandika kurasa nyingi kwa siku. Clephane aliharibu mashine moja baada ya nyingine, na kila mara alirudisha orodha ya kasoro.

Sholes alichoshwa na malalamiko hayo, na nusura aiache kazi. Densmore alimshikilia. Kwake yeye, kasoro iliyogunduliwa na Clephane ilikuwa na gharama ndogo kuliko kasoro ambayo ingegunduliwa na mteja aliyekwisha kulipa. Katika miaka michache walitengeneza mifano kati ya 25 na 30, kila mmoja ukirekebisha uliotangulia.

Kwa nini herufi zilihamishwa

Katika marekebisho hayo ndipo alfabeti ilipovurugwa. Ndani ya mashine, vijiti vya chuma vyenye herufi vilining'inia kwa duara kama ndani ya kikapu. Kitufe kilipobonyezwa, kijiti chake kiliruka na kugonga karatasi kutoka chini, kisha kikarudi kwa uzito wake.

Vijiti viwili vilivyokaribiana vikiruka kwa kufuatana haraka, viligongana na kukwama. Tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu mwandishi hakuweza kuona alichoandika. Maandishi yalikuwa upande wa chini wa karatasi, na yalionekana tu baada ya karatasi kusogea juu kwa mistari kadhaa.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Sholes alizitenganisha herufi zinazofuatana mara nyingi katika Kiingereza ili vijiti vyake visigongane. Hata hivyo, wataalamu hawajakubaliana. E na R hufuatana sana katika lugha hiyo, lakini kwenye kibodi zipo jirani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani walitoa hoja kuwa mapendekezo ya wapokeaji wa telegrafu, waliozitumia mashine za mwanzo, yalichangia sana.

Mabaki ya alfabeti bado yanaonekana. Safu ya katikati ina D, F, G, H, J, K na L zikiwa katika mfuatano wao, isipokuwa E na I zilizoondolewa.

Alama zilizoandikwa juu ya vitufe nazo zilibana matumizi. Tarakimu zilianzia 2 hadi 9. Aliyetaka kuandika moja alibonyeza herufi I, na aliyetaka sifuri alibonyeza O. Kitufe kimoja kilichofanya kazi mbili kilipunguza chuma, ufundi na gharama.

Kiwanda cha bunduki na majembe

Machi 1, 1873, Densmore na mshirika wake George Yost walifunga mkataba na kampuni ya E. Remington and Sons ya mji wa Ilion, jimbo la New York, kutengeneza mashine 1,000. Kampuni hiyo ilijulikana kwa bunduki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, soko la silaha lilipungua, na ikabidi itafute kazi nyingine kwa mitambo yake. Ilikuwa imeanza kutengeneza zana za kilimo na cherehani.

Mafundi wa cherehani ndio waliopewa kazi hiyo. Ndiyo maana taipureta za kwanza, zilizoingia sokoni mwaka 1874, zilifungwa juu ya meza kama cherehani, zikapakwa maua, na baadhi zilikuwa na kikanyagio cha mguu cha kurudishia karatasi mwanzo wa mstari.

Mafundi wa Remington walihamisha alama chache za mwisho, ikiwemo herufi R iliyowekwa safu ya juu mahali palipokuwa na nukta. Mwaka 1878 ilitoka Remington namba 2, iliyokuwa na kitufe cha kubadilishia herufi ndogo na kubwa. Mashine ya kwanza iliandika herufi kubwa peke yake. Mpangilio tunaoufahamu leo ulikamilika mwaka 1882, baada ya C na X kubadilishana nafasi na M kushushwa safu ya chini.

Biashara haikuanza vizuri. Bei ilikuwa dola 125, fedha nyingi kwa wakati huo, na hadi mwaka 1878 mashine zilizouzwa hazikufika 5,000. Ofisi hazikuwa na watu waliojua kuzitumia.

Dola 12,000 au mrabaha

Hapo ndipo ulipokuja uamuzi uliotenganisha maisha ya Sholes na ya Densmore. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika uvumbuzi huo, na kila mmoja alikuwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kuuza haki yake na kupewa fedha zote kwa pamoja. Ya pili ilikuwa kubaki nayo na kudai mrabaha, yaani malipo madogo kwa kila mashine inayouzwa.

Sholes aliuza. Kiasi kinachotajwa kuwa alilipwa ni dola 12,000. Densmore alibaki na mrabaha.

Si haki kumcheka Sholes. Alikuwa baba wa watoto 10, afya yake haikuwa nzuri, na bidhaa yenyewe ilikuwa bado haina soko. Dola 12,000 zilikuwa fedha za uhakika, na mrabaha wa mashine isiyouzika ni sifuri. Uamuzi wake unafanana na wa mkulima wa kahawa wa Kagera anayeuza kwa butura, kahawa ikiwa ingali maua, kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno.

Lakini mavuno yalikuja. Katika miaka ya 1880 kampuni za reli, bima na benki zilikua, na barua zikazidi uwezo wa makarani wa kalamu. Mwaka 1881 chama cha wanawake Wakristo, YWCA, cha mjini New York kilianzisha mafunzo ya kupiga taipu kwa wanawake, na ofisi zikapata wafanyakazi waliokosekana. Densmore akawa tajiri.

Wa kwanza kutangulia katika njia hiyo alikuwa wa nyumbani kwa Sholes. Binti yake Lillian alipigwa picha mwaka 1872 akiwa ameketi mbele ya mojawapo ya mashine za majaribio. Maelfu ya wanawake waliopata kipato chao wenyewe ofisini walipitia mlango huo.

Hata Remington hawakuvuna vya kutosha. Kampuni ilielemewa na madeni, na mwaka 1886 iliuza biashara ya taipureta kwa Wyckoff, Seamans na Benedict, wafanyabiashara waliokuwa wakiisimamia kazi ya mauzo.

Sholes aliendelea kubuni mashine mpya akiwa mgonjwa wa kifua kikuu. Alifariki Februari 17, 1890 mjini Milwaukee, siku tatu baada ya kutimiza miaka 71.

Vidole vyashinda macho

Miaka miwili kabla ya kifo chake lilitokea jambo lililoimarisha mpangilio wake. Julai 25, 1888 yalifanyika mashindano mjini Cincinnati kati ya Frank McGurrin, mwandishi wa hatimkato wa mahakama kutoka Salt Lake City, na Louis Traub.

Traub alitumia mashine ya Caligraph, iliyokuwa na vitufe 72 kwa sababu kila herufi kubwa na ndogo ilikuwa na kitufe chake. McGurrin alitumia Remington, na alikuwa amekariri mahali pa kila herufi, hivyo hakuangalia vitufe. McGurrin alishinda kwa mbali.

Vyuo vikaanza kufundisha kupiga taipu bila kutazama. Tangu hapo mpangilio haukuwa mali ya mashine peke yake, ulikuwa umeingia vidoleni mwa wafanyakazi. Mwaka 1893 kampuni kubwa za taipureta ziliungana chini ya Union Typewriter Company, na mpangilio huo ukazidi kushika.

Walioupinga hawakukosekana. Mwaka 1936 August Dvorak, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, pamoja na shemeji yake William Dealey, walipata hataza ya mpangilio uliokusanya irabu zote safu ya katikati chini ya mkono wa kushoto. Haukufanikiwa kuuondoa ule wa zamani.

Kwa Kiswahili, mpangilio wa Sholes una kero zake. Q na X hazimo katika maneno ya kawaida, lakini zina vitufe kamili. Herufi A, inayotumika kuliko nyingine zote, imeachiwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Kibodi zilizokatwa katikati

Kuna kasoro nyingine, ya umbo. Vitufe vyote vikiwa kwenye ubao mmoja mwembamba, mikono hukaribiana na viganja hupinda kuelekea nje. Anayechapa kutwa huumia. Katika miaka ya 1920 Mjerumani E. A. Klockenberg alipendekeza kibodi igawanywe pande mbili, na katika miaka ya 1970 Lillian Malt na Stephen Hobday wa Uingereza walitengeneza kibodi ya Maltron, yenye mabonde mawili ya vitufe na sehemu ya vidole gumba.

Leo kibodi zilizogawanywa vipande viwili zina wateja wake, na zimezaa biashara ndogo ya vifuniko vya vitufe vyenye herufi, vinavyovuliwa na kuvalishwa kama kofia. Anayebuni seti ya vifuniko hivyo hukutana na maswali yale yale ya Sholes: herufi ipi ikae wapi, na alama ipi iandikwe.

Kibodi ya kawaida ina kitufe kimoja kirefu cha nafasi, lakini iliyogawanywa huhitaji vifupi kadhaa kwa vidole gumba. Kitufe cha kufuta, cha kuthibitisha na cha herufi kubwa huhamia mahali pengine, na ukubwa wake hubadilika. Vifuniko vya seti ya kawaida havitoshi, hivyo mbunifu huongeza vya ziada vyenye alama hizo kwa vipimo tofauti.

Mwinamo nao una shida yake. Katika seti nyingi kila safu ina mwinamo wake, hivyo mtu akihamisha herufi ya safu ya chini kwenda katikati, kifuniko hukaa vibaya. Wabunifu wengine hutengeneza vifuniko vyote kwa umbo moja ili mteja apange atakavyo. Alama nayo lazima idumu. Wino uliopakwa juu hufutika haraka, lakini herufi iliyoumbwa kwa plastiki ya rangi nyingine ndani ya kifuniko haifutiki.

Wanaonunua seti hizo hupata uhuru ambao Sholes mwenyewe aliutafuta bila kuupata. Mwaka 1889, mwaka mmoja kabla ya kufa, aliomba hataza ya mashine yenye mpangilio mwingine kabisa, uliokusanya irabu mahali pamoja. Hataza hiyo ilitolewa mwaka 1896, yeye akiwa kaburini kwa miaka sita. Wakati huo vyuo vilikuwa vinafundisha mpangilio wake wa zamani, ofisi zilikuwa zimeshanunua mashine zake, na haki yake alikuwa ameshaiuza.